Televisheni ya mpira na gemu: mtaji mdogo ununue nini?

SOMO LA WIKI

Madale, katika Manispaa ya Kinondoni, ni miongoni mwa maeneo ya pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam ambako nyumba za makazi zimeongezeka kwa kasi. Penye wakazi wapya hufuata duka la rejareja, saluni, genge la mboga, na haupiti muda mrefu kabla ya mtu kufungua banda la kuonyesha mpira, maarufu kama kibanda umiza, likiwa na PlayStation mbili pembeni kwa ajili ya vijana.

Biashara hiyo ni ndogo lakini ina mteja wa uhakika. Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza vya televisheni mwaka 1994, na tangu hapo soko la mpira wa kwenye kioo limekua tu. Mwaka 2021 TFF na Azam Media zilitiliana saini mkataba wa miaka 10 wa matangazo ya Ligi Kuu wenye thamani ya Sh. bilioni 225.6. Aidha, Septemba 2023 CAF iliipa Tanzania, pamoja na Kenya na Uganda, uenyeji wa fainali za AFCON 2027. Kwa hiyo bidhaa ya kuonyesha ipo.

Pamoja na hayo, mtaji wa wengi hupotea siku ya kwanza kabisa, dukani, wakati wa kununua televisheni. Mwenye Sh. milioni tatu hujikuta ametumia karibu zote kwa kioo kimoja cha fahari, kisha anakosa fedha za stabilaiza, waya na viti. Mwingine hununua cha bei poa kuliko vyote, na baada ya mwezi vijana wanamkimbia. Somo la wiki hii linahusu namna ya kukwepa makosa yote mawili. Anayenunua kwa ajili ya sebule yake naye atafaidika, kwani kanuni ni zilezile.

KAZI MBILI, VIPIMO VIWILI

Jambo la kwanza ni kuelewa kwamba mpira na gemu ni kazi mbili tofauti. Mpira hutazamwa na watu wengi walio mbali, wengine wamekaa upande upande. Kinachotakiwa hapo ni ukubwa wa kioo, mwanga wa kutosha na rangi isiyofifia kwa aliyekaa pembeni. Gemu huchezwa na watu wawili waliokaa mita moja na nusu hadi mbili kutoka kwenye kioo. Hao hawahitaji ukubwa. Wanataka kioo kiitikie mara moja wanapobonyeza pedi.

Vilevile, kazi hizo mbili hugombania saa. Mechi za Ligi Kuu ya Uingereza zinazoanza saa 9 alasiri kule, hapa kwetu huwa ni saa 11 jioni wakati wa majira yao ya joto na saa 12 jioni wakati wa baridi. Muda huo wa Jumamosi ndio vijana wa gemu nao wanafika. Kioo kimoja hakiwezi kuwahudumia wote. Kwa hiyo, badala ya kununua televisheni moja ghali itakayofanya yote, mfanyabiashara mdogo anunue moja kubwa ya kawaida kwa mpira, na mbili ndogo kwa gemu.

MPIRA: UKUBWA KWANZA

Inchi za televisheni hupimwa kwa mshazari, kutoka kona hadi kona ya kioo bila fremu. Inchi moja ni sentimita 2.54. Hivyo kioo cha inchi 32 lazima kisome karibu sentimita 81, inchi 43 karibu sentimita 109, inchi 55 karibu sentimita 140, na inchi 65 karibu sentimita 165. Nenda dukani na futi kamba. Endapo boksi linasema 43 na futi inasoma 101, umeuziwa inchi 40.

Ongezeko la inchi hudanganya macho. Kutoka 43 hadi 55 ni inchi 12 tu, lakini eneo la picha huongezeka kwa zaidi ya asilimia 60. Mteja wa mstari wa nyuma analipia eneo hilo.

Kanuni rahisi ya ukumbi ni kwamba mtu wa mwisho asikae mbali zaidi ya mara nane ya kimo cha kioo. Kimo cha kioo cha inchi 43 ni karibu sentimita 53, hivyo mwisho wake ni kama mita 4.3. Cha inchi 55 kina kimo cha sentimita 68, mwisho wake ni kama mita 5.5. Cha inchi 65 hufika mita 6.5. Mathalani, una chumba cha mita 4 kwa 6 na benchi la mwisho liko mita 5.5 kutoka ukutani. Inchi 55 inakutosha. Inchi 43 itawafanya wa nyuma washindwe kusoma muda na matokeo, na wiki ijayo watakwenda kwa jirani.

MAANDISHI YA 4K

Wauzaji hupenda kuanza na neno 4K. Maana yake ni kioo chenye nukta 3,840 kwa 2,160. Full HD ina nukta 1,920 kwa 1,080, na HD ya kawaida kwenye vioo vidogo ni 1,366 kwa 768. Namba kubwa ni nzuri, lakini kioo hakiwezi kuonyesha kile ambacho hakikutumwa. Matangazo mengi ya mpira tunayopata kwa ving'amuzi ni ya kiwango cha HD, na televisheni ya 4K huyanyoosha tu yajaze kioo. PlayStation 4 ya kawaida, iliyotoka mwaka 2013, nayo hutoa picha ya Full HD.

Hii haina maana kwamba uikatae 4K. Siku hizi televisheni nyingi za inchi 55 zinakuja na 4K zenyewe. Ipokee, ila usilipe nyongeza kwa ajili yake.

Kuna kosa moja dogo linaloharibu picha kuliko ukosefu wa 4K. Wengi huunganisha king'amuzi kwa waya wa AV, ule wenye vichwa vya njano, nyekundu na nyeupe. Waya huo haupitishi picha ya HD hata kama unalipia kifurushi cha juu. Tumia waya wa HDMI, kisha ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi uhakikishe kimewekwa kutoa 1080. Kwa gharama ndogo sana mpira utaonekana mpya.

MWANGA, KIOO NA KUKAA UPANDE

Saa 11 jioni bado kuna jua, na banda lenye mlango wazi huingiza mwanga mwingi. Hapo ndipo televisheni za kioo mara mbili, zile ziitwazo double glass, zinapotakiwa kufikiriwa vizuri. Kioo cha ziada cha mbele kinasaidia sana: pedi ikirushwa au mtoto akigusa kwa kijiti, kioo cha ndani kinasalimika. Ubaya wake ni kuakisi. Mwanga wa mlangoni huonekana juu ya uwanja kama taa. Kwa televisheni za gemu, ambazo ziko karibu na mikono ya watu, double glass inafaa. Kwa ile kubwa ya mpira iliyopandishwa ukutani mbali na mikono, kioo cha kawaida kisichong'aa ni bora, nao mlango utundikwe pazia zito.

Kuhusu rangi, kuna aina mbili kuu za vioo vya LED. VA hutoa weusi mzuri gizani lakini hufifia ukikaa pembeni. IPS hubaki na rangi yake hata ukitazama kwa upande, ingawa weusi wake ni wa kijivu. Muuzaji mara nyingi hajui ni ipi. Usimuulize, simama pembeni kabisa ya televisheni ikiwa imewashwa, kisha rudi katikati. Kama nyasi za uwanja zimebadilika rangi sana, ujue wateja wa kwenye benchi za ukutani wataona hivyo hivyo.

GEMU: SEKUNDE ILIYOGAWANYWA

Hapa ndipo fedha za wengi zinapopotelea bila wao kujua. Kila televisheni huchukua muda kuchakata picha kabla ya kuionyesha. Kwenye mpira hakuna atakayegundua, kwa sababu hakuna anayebonyeza kitu. Kwenye gemu, kijana anabonyeza kupiga shuti na mchezaji anachelewa kupiga. PlayStation 4 hutoa picha zisizozidi 60 kwa sekunde, yaani kila picha huchukua karibu sehemu 17 za elfu ya sekunde. Televisheni inayochelewa sehemu 100 za elfu inakuwa nyuma kwa picha sita. Mchezaji mzoefu wa EA Sports FC au eFootball atalihisi hilo katika mechi ya kwanza, na atasema pedi zako mbovu. Utanunua pedi mpya, na tatizo litabaki palepale.

Dawa yake ni mpangilio uitwao Game Mode. Ukiwashwa, televisheni huacha mapambo ya picha, na kuchelewa kunaweza kushuka hadi sehemu 10 au 20 za elfu. Televisheni isiyo na mpangilio huo usiinunue kwa gemu, hata kwa bei ya kutupa. Ikiwa nao, hakikisha umeuwasha kwenye tundu lilelile la HDMI lenye PlayStation, kwa kuwa televisheni nyingi huutunza kwa kila tundu peke yake. Zima pia mpangilio wa kulainisha mwendo wa picha.

Kupima ni rahisi. Chukua simu yenye kurekodi video ya mwendo wa polepole ya picha 240 kwa sekunde. Rekodi kidole kwenye pedi pamoja na kioo kwa wakati mmoja. Halafu hesabu ni picha ngapi zinapita tangu kidole kibonyeze hadi kioo kibadilike. Kila picha ni kama sehemu nne za elfu. Sehemu ya kuchelewa huko ni ya PlayStation yenyewe, lakini ukipima televisheni mbili kwa mashine ileile, tofauti inayobaki ni ya televisheni.

Vipi kuhusu Hz 120? Televisheni yenye kioo cha Hz 120 halisi na tundu la HDMI 2.1 ina maana kwa PlayStation 5, iliyotoka Novemba 2020, ambayo inaweza kutoa hadi picha 120 kwa sekunde kwa baadhi ya gemu. Kwa PlayStation 4 hupati kitu. Jihadhari pia na maandishi kama "Motion 120" au "Motion 200" kwenye boksi. Mara nyingi ni jina la biashara tu na kioo chenyewe ni cha Hz 60.

HESABU YA MTAJI

Sasa tukokotoe. Bei zilizo hapa chini ni za mfano tu; msomaji aweke zake alizopata dukani.

Televisheni moja ya inchi 55: Sh. 1,200,000.
Televisheni mbili za inchi 32: Sh. 600,000.
PlayStation 4 mbili zilizotumika: Sh. 800,000.
Waya, vishikizo vya ukutani na stabilaiza: Sh. 250,000.
Jumla: Sh. 2,850,000.

Tuseme unaonyesha mechi kubwa nne kwa wiki, watu 25 kila mechi, kiingilio Sh. 500. Kwa wiki nne hiyo ni Sh. 200,000. Kila televisheni ya gemu ichezwe mechi 12 za kulipia kwa siku kwa Sh. 500, siku 26 za mwezi. Hiyo ni Sh. 312,000. Mapato yote ni Sh. 512,000.

Matumizi: kodi ya chumba Sh. 100,000, malipo ya matangazo Sh. 100,000, msimamizi Sh. 120,000, pedi na matengenezo Sh. 30,000. Kwa umeme, televisheni kubwa ya wati 130 ikiwaka saa tano kwa siku hutumia uniti 19.5 kwa mwezi. Mbili ndogo za wati 50 kila moja, kwa saa 10, hutumia uniti 26. PlayStation mbili za wati 100 hutumia uniti 52, yaani zaidi ya televisheni zote tatu kwa pamoja. Ukiongeza feni na taa unafika kama uniti 118. Kwa Sh. 360 kwa uniti, ni karibu Sh. 42,500. Matumizi yote ni Sh. 392,500, na kinachobaki ni Sh. 119,500.

Kwa kiwango hicho mtaji unarudi baada ya karibu miezi 24. Si biashara ya utajiri wa haraka, na asiyekuwa na subira asiingie.

Badilisha jambo moja tu. Ungenunua ile televisheni ya fahari kwa Sh. 2,800,000 badala ya Sh. 1,200,000, jumla ingefika Sh. 4,450,000 na mtaji ungerudi baada ya miezi 37. Kiingilio kingebaki Sh. 500 kwa sababu mechi ni ileile.

Badilisha la pili. Rudi kwenye mtaji wa kwanza, lakini chukua televisheni ndogo zinazochelewa. Vijana wanaanza kuhama, na mechi za kulipia zinashuka kutoka 12 hadi 9 kwa siku kwa kila kioo. Upungufu ni Sh. 78,000 kwa mwezi. Kinachobaki ni Sh. 41,500 tu, na mtaji sasa unahitaji karibu miezi 69, yaani zaidi ya miaka mitano na nusu. Kabla muda huo haujatimia televisheni zenyewe zinaweza kuwa zimekufa. Mechi tatu kwa siku ndizo zinazotenganisha biashara na hasara, na zinategemea mpangilio ambao muuzaji wengi hawautaji.

UKIFIKA DUKANI

Kwa mkazi wa Madale, Tegeta iko karibu, lakini Kariakoo kuna maduka mengi ya kulinganisha. Pita walau matatu kabla ya kutoa fedha. Televisheni zinaagizwa nje, hivyo bei hufuata dola. Mwaka 2024 dola moja ilipita Sh. 2,600, na mwenye kuuza huwa mwepesi kupandisha kuliko kushusha. Tangu Machi 2025 kanuni za serikali zinakataza kutoza bei kwa fedha za kigeni humu nchini. Muuzaji akikutajia dola, mwambie akupe bei ya shilingi.

Washa televisheni hapo hapo dukani. Weka picha nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu, utafute nukta zilizokufa na madoa. Jaribu matundu yote ya HDMI na USB. Dai risiti ya EFD yenye jina la bidhaa na namba yake, kwani bila risiti dhamana ni maneno matupu. Soma kadi ya dhamana: kwa kawaida haigusi kioo kilichopasuka, na kubadilisha kioo huweza kukaribia bei ya televisheni mpya. Kwa hiyo isafirishe ikiwa imesimama, isilazwe, na mtu aishike njia nzima. Bodaboda si chombo cha inchi 55.

UMEME NA UKUTA

Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo huua televisheni kuliko matumizi ya kila siku. Kila televisheni iwe na kifaa cha ulinzi kinachokata umeme usipokuwa sawa na kusubiri dakika chache kabla ya kuurudisha. Wakati wa radi chomoa plagi, na uchomoe pia waya wa dishi, kwani radi huingia kwa njia hiyo.

Ile ya mpira ipandishwe ukutani ili ukingo wake wa chini uwe mita 1.4 au 1.5 kutoka sakafuni, vichwa vya mbele visizibe, kisha iinamishwe kidogo. Sauti ya televisheni haitoshi kwa watu 25 na feni mbili. Sabufa ya kawaida inatosha.

SHERIA

Kifurushi cha king'amuzi cha nyumbani si kibali cha kuonyesha kwa kiingilio. Ulizia kifurushi cha biashara kabla ya kupanga hesabu zako, maana kinaweza kubadilisha faida yote. Pata TIN ya TRA na leseni ya biashara ya manispaa, na uliza COSOTA kuhusu haki za kazi unazoonyesha. Watoto wasiruhusiwe saa za shule. Vijana wakianza kuwekeana fedha juu ya mechi za gemu, hiyo ni kamari, na kamari ina leseni yake chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.

HITIMISHO

Kwa muhtasari: kwa mpira lipia ukubwa, kwa gemu lipia wepesi wa kuitikia. Usilipie namba ambayo king'amuzi chako na PlayStation yako haviwezi kuijaza. Anayenunua kwa ajili ya nyumbani, kwa familia inayokaa mita mbili na nusu hadi tatu kutoka ukutani, inchi 43 hadi 50 yenye Game Mode itamtosha kwa kazi zote mbili.

Mfanyabiashara wa Madale akumbuke pia kwamba ving'amuzi vinazidi kuingia majumbani na mpira unaonekana hata kwenye simu. Mteja anayekuja bandani anafuata picha kubwa, kelele za wenzake na pedi inayoitikia. Kabla ya kwenda Kariakoo, pima chumba chako kwa futi, andika hesabu yako kwenye karatasi, na uende na hiyo karatasi mkononi.